Kikundi kinajua taili, zabuni inataka vinili: cheti gani kinafaa?

Mkandarasi_Walukuba

Habari za jioni, mafundi. Naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya vyeti vya kazi ya sakafu hapa Uganda.

Kuna zabuni ya kituo cha afya upande wa Jinja. Ni mita za mraba 180 za vinili ya roli, unene milimita 2, viungo vya kuchomelea kwa moto, na pembeni vinili ipande ukutani sentimita 10. Kuna pia taili za vyoo na za veranda, kama mita 60 hivi. Hati inataka "mafundi wa sakafu wenye sifa zinazotambulika", pamoja na nakala za vyeti na majina ya watakaoshika kazi. Kikundi kina vijana 4 na taili wanaweka safi kabisa. Mmoja ana cheti cha ujenzi cha miaka 2 cha UBTEB, bodi ya mitihani ya vyuo vya ufundi. Watatu walijifunzia saiti, na wawili kati yao hawakumaliza shule ya msingi.

Je, cheti cha taili kinatosha kwa vinili? Hao watatu waanzie wapi, na wanaweza kupimwa bila kwenda kukaa darasani? Mtathmini anaangalia nini hasa? Na hii habari kwamba DIT imebadilika, sasa mtu anajiandikisha kwa nani?

Ada nitaiuliza kituoni mwenyewe. Hapa nataka kujua njia.

Pimamaji

Ssebo, nianze na swali la mwisho maana ndilo linawachanganya wengi. Sheria ya zamani ya mafunzo ya ufundi ilikuwa ya 2008. Chini yake DIT, yaani Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, ilipima ujuzi wa kazi, na UBTEB ikasimamia mitihani ya vyuo. Sheria mpya ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2025 imeunda bodi moja, UVTAB, na kazi ya kutahini na kupima kutoka pande hizo mbili imehamia huko. Vyeti vya zamani havijafa. Kijana mwenye karatasi ya UBTEB aiweke kwenye zabuni kama ilivyo.

Kwa fundi wa kawaida, njia bado ni ileile: haendi makao makuu Kampala kupimwa, anajiandikisha kupitia kituo kilichoidhinishwa. Mara nyingi kituo ni chuo cha ufundi chenye karakana ya fani hiyo. Uliza maneno haya haya: "Mmeidhinishwa kupima fani gani, na ngazi gani?" Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya useremala na uashi lakini taili hakina. Kijana akijiandikisha hapo kwa taili ataishia kupewa uashi.

Sasa hao watatu. Mfumo wetu wa sifa za ufundi, UVQF, una milango miwili inayowahusu. Mlango wa kwanza ni Worker's PAS, ambao ulitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyejifunzia kazini. Unapimwa kwa vitendo, moduli moja moja, na zile ulizofaulu zinaandikwa. Asiyemaliza msingi hafungiwi nje. Mlango wa pili ni ngazi kamili, kuanzia ya kwanza kwenda juu, na huko kuna maswali ya kuandika pamoja na kazi ya mikono. Wale wawili waanzie Worker's PAS. Wa tatu, kama anasoma na kuandika vizuri, apelekwe moja kwa moja ngazi ya kwanza. Ukisikia mzee anataja Grade III, II na I, hayo ni majaribio ya zamani ya ufundi kabla ya ngazi hizi. Mwenye karatasi hiyo asiitupe.

Kila fani iliyo kwenye mfumo ina kifurushi chake cha mafunzo na tathmini, watu wanakiita ATP. Ndani yake mna orodha ya kazi ambazo mtu wa fani hiyo anatakiwa kuzifanya, moduli za kufundishia, na vyombo vya kupimia. Omba kituo kikuonyeshe kabla hamjalipa chochote. Hapo ndipo swali lako la kwanza linajibiwa: soma orodha ya kazi, utafute kama vinili, zulia na mbao zimo. Ukikuta taili, terazo na skridi (tabaka la simenti la kusawazisha juu ya zege) peke yake, basi hicho ni cheti cha taili, na mtu wa ununuzi mwenye macho ataliona hilo. Hapa kwetu kazi ya vinili na zulia watu wengi wanaipata saiti au kwa muuzaji wa vifaa, si chuoni.

Kwa hiyo kwenye zabuni usiandike "mafundi wa vinili" ukaambatisha vyeti vya taili. Andika ukweli kwa mafungu: hawa wana sifa ya taili na maandalizi ya sakafu, hawa wana mafunzo ya vinili kutoka kwa mtengenezaji au muuzaji fulani, na hizi hapa picha na vipimo vya kazi walizofanya.

Mwiko_wa_Meno

Niongezee upande wa taili, kwa sababu vijana "wanaoweka safi" ndio wanaoanguka mbele ya mtathmini. Saiti wanahukumiwa kwa sura ya juu. Kwenye tathmini wanahukumiwa pia kwa yaliyo chini na kwa mpangilio.

La kwanza ni kupanga kabla ya kuchanganya gundi. Mtahiniwa mzuri anapima chumba, anapiga mstari wa katikati na kuhakiki pembe mraba kwa pembetatu yenye pande za mita 3-4-5 (chumba kidogo tumia 1.2, 1.6 na 2.0). Halafu anakokotoa vipande vya pembeni. Tuseme upana ni mita 3.80, taili ni milimita 600 na kiungo milimita 3. Kila taili inakula 603. Taili 6 nzima ni 3618, zinabaki 182. Fundi wa haraka anaanzia ukuta mmoja na kumaliza na kipande cha sentimita 18 upande wa pili, mbele ya mlango kabisa. Aliyefundishwa anasogeza mstari nusu taili: 5 nzima ni 3015, zinabaki 785, kila upande unapata kama sentimita 39. Hesabu hiyo ni ya dakika 3, na inamwonyesha mtathmini kwamba huyu anajua kazi.

La pili ni gundi. Hapa Uganda bado tunaweka poseleni kwa uji wa simenti tupu, au kwa madonge matano chini ya taili, moja katikati na manne kwenye kona. Taili ya seramiki ya zamani ilikuwa inakunywa maji, ndiyo maana ililoweshwa kwenye pipa na simenti ikashika. Poseleni inafyonza nusu asilimia au chini ya hapo. Simenti tupu haina mahali pa kuingia, basi baada ya miezi unagonga na kusikia sauti ya debe tupu. Tumia gundi ya mfuko iliyoandikwa C2. Daraja la C1 linatakiwa kushika nusu niutoni kwa kila milimita mraba, C2 niutoni moja. Mwiko wa meno ya milimita 10 kwa taili ya 600, mistari yote upande mmoja, na mgongo wa taili upakwe tabaka jembamba. Kisha inua taili moja uiangalie: ndani pakavu gundi iwe imeshika asilimia 80 ya mgongo, vyooni na nje 95. Inua ya tatu au ya nne wewe mwenyewe, usingoje mtathmini aiinue.

Kiasi: gundi ya unga inakula karibu kilo 1.4 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Ukibaki na milimita 3 hadi 4 chini ya taili, mfuko wa kilo 20 unakupa kama mita 4. Mita 60 zako zinataka mifuko 15, ongeza 2 kwa sakafu isiyo sawa. Taili za 600 zikija 4 kwa boksi, boksi ni mita 1.44. Mita 60 ukiongeza asilimia 10 ni 66, gawa, unapata 45.8, nunua 46, na namba ya kundi iwe moja kwenye maboksi yote. Vijana wengi wanafaulu kwa mikono halafu wanakwama kwenye hesabu hii.

La tatu, nafasi za kutanuka. Veranda inapigwa jua mchana kutwa, ikate kila mita 3 hivi kwa kiungo laini cha silikoni au poliyurithani, na pembeni mwa kuta acha nafasi, usiijaze grauti (simenti ya viungo). Taili zilizoinuka katikati kama paa la hema, asilimia kubwa ni hizo zilizobanwa ukuta hadi ukuta. Vyooni sakafu ielekee kwenye shimo la maji kwa 1 kwa 80. Na ukipanga kwa mtindo wa matofali, taili ndefu isivuke theluthi moja ya mwenzake. Taili kubwa zina mgongo kidogo, ukiweka nusu kwa nusu unakutanisha kilele cha moja na kona ya nyingine, na mguu utajikwaa hapo.

Kukata: maji au kifyonza vumbi. Vumbi la silika linaua mapafu polepole, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri awakinge. Kijana akikata bila barakoa na miwani, alama zinaondoka kabla taili ya kwanza haijashuka.

Boss_wa_Kikuubo

Mnamchosha mwenzenu. Watu wa zabuni wanataka karatasi tu. Nunua vinili kwa muuzaji anayeeleweka, omba akufundishie vijana siku 2, atawapa cheti chenye nembo, ambatisha, umemaliza. Nani atasoma ATP?

Sakafu_Safi

Boss, nusu ya maneno yako ni kweli. Cheti cha muuzaji kina uzito, tena kwa vinili mara nyingine kina uzito kuliko cha bodi, kwa sababu dhamana ya bidhaa imefungwa kwenye masharti ya mtengenezaji. Lakini masharti hayo hayaishii kwenye siku 2. Vinili ikivimba, mtengenezaji ataomba kwanza kumbukumbu ya unyevu wa skridi, ya pili namba ya roli, ya tatu jina la gundi. Cheti anakiomba mwisho kabisa. Hiyo ya kwanza ukiikosa, nembo haitakusaidia kitu.

Kaka wa Walukuba, nakuwekea hapa yale ambayo mafunzo ya vinili ya hospitali lazima yaguse. Mwalimu akiruka mojawapo, mafunzo hayo hayajakamilika, hata kama wanagawa fulana.

Unyevu kwanza. Simenti safi ina alkali nyingi. Unyevu ukipanda unaibeba juu, na pH ikishavuka 9 au 10 gundi za akriliki zinaanza kulainika na kurudi kuwa uji. Vinili haipitishi mvuke, basi maji yanakusanyika chini yake. Unaanza kuona malengelenge, viungo vinafunguka, magurudumu ya vitanda yanaacha mabonde. Kipimo cha Uingereza ni kisanduku chenye haigromita (kipima unyevu) kilichofungwa kwenye sakafu kwa utepe wa butili, kikae angalau saa 72, kisha usome kila baada ya siku moja hadi namba itulie. Asilimia 75 kushuka chini, endelea. Wamarekani wanatoboa tundu na kuingiza kipima ndani ya zege, kwa kina cha asilimia 40 ya unene kama sakafu inakauka upande wa juu tu. Kubandika kavera (karatasi ya plastiki) mraba wa sentimita 45 kwa saa 16 na kuangalia kama kuna matone kunakuambia sakafu imeloa sana. Hakukuambii kwamba imekauka. Wengi wanakichukua kipimo hicho kama ruhusa, na hapo ndipo hasara inaanzia.

Usawa: rula ndefu ya mita 2, pengo lisizidi milimita 3 kwa kazi ya hospitali. Vinili ya milimita 2 inaonyesha kila chembe ya mchanga chini yake, na taa za korido zikiwaka usiku ni aibu. Kwa hiyo unasaga, unafyonza vumbi, unapaka praima, unamwaga unga wa kusawazisha milimita 3. Unga huo unakula kama kilo 1.6 kwa mita kwa milimita, karibu kilo 5 kwa mita ya mraba. Mita 180 ni kilo 900, yaani mifuko 36 ya kilo 25. Maji pima kwa ndoo yenye alama kulingana na mfuko unavyosema. Pota (kibarua) akiongeza lita moja "ili itiririke", juu panabaki ngozi dhaifu kama chaki, na gundi itaing'oa ngozi hiyo pamoja na vinili.

Vinili yenyewe: roli zisimame chumbani saa 24, nyuzi 18 hadi 27, zikatwe na kulazwa zijinyooshe. Tumia roli kwa mfuatano wa namba zake. Kama karatasi zinageuzwa kichwa na mkia au la, mtengenezaji ameandika, soma, usibahatishe. Gundi gramu 250 hadi 300 kwa mita, kwa mita 180 ni kilo 54, ndoo 3 za kilo 20. Weka kidole: ikishika bila kulowesha kidole, laza. Ukilaza mapema maji ya gundi hayana pa kwenda, ukichelewa haishiki. Kisha roli la kubana la kilo 68, urefu na upana. Wengi hapa wanabana kwa gunia la mchanga, kitu ambacho mtathmini yeyote wa vinili atakicheka.

Kuchomelea ni siku ya pili, baada ya saa 24. Ukichomelea siku hiyohiyo, moto unachemsha gundi mbichi na kiungo kinatoa mapovu. Chimba mfereji theluthi mbili ya unene wa vinili, usifike kwenye gundi. Waya wa milimita 4, mfereji upana wa 3.5. Kukata waya kuna hatua 2: mara ya kwanza ukiwa bado vuguvugu, kwa kisu cha mwezi juu ya bati la kuongozea, ubakishe kidogo juu. Mara ya pili ukishapoa kabisa, sawa na sakafu. Anayekata mara moja ukiwa moto, waya unapopoa unanywea ndani na kuacha bonde. Bonde linashika uchafu, na sababu nzima ya kuchomelea hospitali ilikuwa uchafu usipate mahali pa kukaa.

Pembeni: kona ya ndani inakaa juu ya kipande cha mviringo ili deki lipite. Gundi ya ukutani ni ya kugusana, ipakwe pande zote mbili. Kona ya ndani na kona ya nje ndizo zinazowatofautisha mafundi. Kijana anaweza kulaza mita 100 vizuri na bado akaharibu kona ya nje kwa kukata kipembetatu kifupi mno.

Namna ya kuwafundisha hao 4 kabla ya mtu yeyote kuja kuwapima: jenga kibanda cha mazoezi cha plaiwudi, sakafu 2.4 kwa 2.4, kuta za nusu mita, kiwe na kona ya ndani, kona ya nje, fremu ya mlango na bomba moja. Kila mtu akivalishe kibanda hicho vinili peke yake, mara 3. Mabaki ya roli yanatosha. Baada ya saa 24 kata kipande cha sentimita 5 kwenye kiungo ukikunje kwa nyuma. Waya ukitoka mzima kama uzi, moto ulikuwa mdogo au mkono ulikimbia. Kingo zikiwa za kahawia, mkono ulilala. Andika jina na tarehe kwenye kila kipande, kitunze. Ukivipeleka kwenye kikao cha zabuni, vipande hivyo vitasema mengi.

Msafiri_Busia

Kwa vijana wenye macho ya kuvuka mpaka: Kenya mtaani na kwa wakandarasi wanauliza majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Grade III, II, I. Tanzania wanauliza ngazi za VETA, mamlaka ya ufundi stadi, I hadi III. Namba zinakwenda kinyume, Grade I ya Kenya ni ya juu, Level I ya Tanzania ni ya chini. Nimeona watu wakitafsiriana vibaya na kukata bei ya mtu bure. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza 2010 lakini fundi wa sakafu asitegemee kwamba mwajiri wa Eldoret atajua Worker's PAS ni nini, abebe pia orodha ya moduli.

Uingereza wana sifa maalum ya fani hii, NVQ ya ngazi ya 2 ya kazi za kufunika sakafu. Wanampima mtu saitini kwake akiwa anafanya kazi, kwa jalada la ushahidi: picha za kabla, katikati na baada, vipimo, na mahojiano. Wazo la jalada ndilo ningelichukua. Halihitaji visa.

Mkandarasi_Walukuba

Asanteni sana, nimenakili yote. Sasa jambo limejitokeza. Skridi ya kituo ni milimita 65, ilimwagwa wiki 6 zilizopita, ikamwagiliwa wiki nzima. Paa lipo, madirisha yaliwekwa juzi. Msimamizi anasema imekauka kwa macho, anataka mshindi wa zabuni aanze vinili ndani ya wiki 2. Niiwekeje kwenye bei? Na vijana wamepata mashine ya kuchomelea ya kuazima, ila saiti haina umeme wa kuaminika.

Pimamaji

Hesabu ya mezani: milimita 50 za kwanza siku 1 kwa kila milimita, zinazozidi hapo siku 2 kwa kila milimita. 65 ni siku 50 na 30, jumla 80, na unaanza kuhesabu baada ya kumwagilia kuisha. Wewe una siku 35, nazo nyingi zilipita bila madirisha. Kama mvua iliingia, zitoe pia. Hiyo kanuni ni ya hewa kavu yenye kupita, na sisi huku karibu na ziwa mwezi wa 4 na wa 11 hatuna hewa hiyo. Rangi nyeupe ya juu haina maana, inakauka milimita 5 za juu tu.

Swali kubwa zaidi ni kama chini ya zege kuna kavera nene ya geji 1000. Muulize msimamizi kwa maandishi. Kama haipo na jengo liko bondeni, hata siku 300 hazitasaidia, maji yanapanda kutoka ardhini kila msimu.

Sakafu_Safi

Kwenye bei weka njia 2 wachague wao. Njia A: kusubiri hadi haigromita isome 75. Njia B: epoksi ya kuzuia unyevu mikono 2, mkono wa pili ukiwa mbichi unyunyizie mchanga mkavu ili unga wa kusawazisha upate kushika, ndipo unga, ndipo vinili. Usimwage unga kwanza kisha epoksi juu, nimeliona pendekezo hilo kwenye michoro, nao unga unabaki chini umeloa na kuachia. Epoksi mwulize muuzaji kikomo chake cha unyevu kwa asilimia na ukiandike kwenye barua ya bei. Kazi ya kusubiri haipotezi siku: vyoo na veranda vinaendelea, kona za mviringo zinaandaliwa. Weka visanduku vya haigromita 3 hata kama watachagua B, kimoja katikati, kimoja karibu na choo, kimoja mahali skridi ilipomwagwa mwisho. Piga picha ya namba na tarehe.

Umeme: mashine nyingi za mkono ni za wati 1600 hivi. Jenereta ya kVA 3 yake peke yake, msiunganishe grainda kwenye jenereta hiyo. Grainda ikiwaka volti inashuka, joto la mdomo linashuka, na kipande hicho cha kiungo ndicho kitakachofunguka. Waya wa umeme uwe mnene, wa milimita mraba 2.5, usizidi mita 30. Iwasheni dakika 5 kabla, jaribuni kwenye kipande cha mabaki kila asubuhi na kila baada ya kuzima jenereta. Waya wa kuchomelea: roli za upana wa mita 2 zinakupa kama nusu mita ya kiungo kwa kila mita ya mraba, basi 90, ongeza kona na majaribio, nunua mita 130.

Mwiko_wa_Meno

Dogo moja kuhusu mlango wa choo. Taili na gundi yake zitafika milimita 13 hivi, vinili na unga wake 5. Msiposhusha skridi ya choo mapema mtakuwa na kizingiti cha milimita 8 kwenye njia ya vitanda vya magurudumu. Ulizeni kabla ya kuweka bei, maana kuchimbua skridi hakuna aliyekuandikia.

Mkandarasi_Walukuba

Hilo la kizingiti halimo kwenye michoro kabisa. Nalipeleka kesho kwenye barua ya maswali pamoja na la kavera. Vijana wawili nitawaandikisha Worker's PAS upande wa taili, wa tatu ngazi ya kwanza, na plaiwudi ya kibanda nimeshaiagiza.